Kushuka ni bure, kupanda ndo kuna bei: kupanga siku ya maporomoko ya Sheldrick ukitokea Mombasa

Kila nikirudi Shimba Hills lazima kuna mtu wa huku Kisauni ataniuliza kwani kule kuna nini, na nikimwambia kuna msitu, kuna korongo, na ndani ya korongo kuna maji yanaanguka mita 21 hivi, ndo hayo maporomoko ya Sheldrick, jibu ni lilelile, "si hapo Kwale tu?" Ehe, hapo Kwale tu. Na shida inaanzia hapohapo, manake mahali pakiwa karibu watu hawapangi, wanaenda kama wanaenda Mama Ngina kula mihogo jioni, champali miguuni, maji chupa moja watu watatu, alafu saa tisa mchana unawaona wamekaa juu ya mizizi katikati ya mteremko, hawapandi hawashuki.

Haya ntakayoandika ni vile mimi napanga sasa hivi, baada ya kukosea vizuri mara ya kwanza. Ni kwa mtu anaetoka Mombasa asubuhi na anataka kulala kitandani kwake usiku.

Hiyo mara ya kwanza tulikuwa watu kumi na wanne. Matatu ya kukodi ilikuwa ije saa kumi na mbili asubuhi, ikaja saa mbili, dereva anasema alikuwa anaweka upepo, sijui upepo gani wa masaa mawili. Feri ya Likoni tukakaa foleni. Kufika kule wenzetu wa asubuhi washashuka kitambo, tukaambiwa tungoje mzunguko wa mchana. Tukangoja, tukala biriani yote kwa uchoyo wa kungoja, tukashuka saa nane na matumbo yamejaa, na wakati wa kurudi shangazi yangu magoti yakakataa. Si kwamba aliumia, magoti yalikataa tu, kila hatua kumi anakaa. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, aliekuwa na sisi alikuwa mpole lakini nilimuona anaangalia saa, anaangalia miti, anaangalia saa. Tulitoka mle kiza kinaanza kuingia. Nikiwa kwenye gari ndo nikapata akili: safari ya korongo inapangwa kutoka mwisho kuja mwanzo.

Fikiria hivi. Mlima ukikushinda katikati unageuza, na kurudi ni kuteremka, uzito wa mwili wenyewe unakupeleka. Korongo ni kinyume. Unaanza na raha, unashuka unacheka unapiga picha, nguvu zote unazo, jua bado changa, unafika chini unajimwagia maji, unakula, mwili unalegea, na hapo uliposhalegea ndo kazi inaanza, kupanda njia ileile uliyoshukia na joto liko juu kabisa. Kwa hivo kwenye grupu ya WhatsApp mtu akiuliza tunatoka saa ngapi usimjibu kwanza. Uliza tunataka tuwe tushapanda saa ngapi.

Tuhesabu basi. Matembezi yenyewe kuteremka maporomoko si marefu, ni kama kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, na huendi peke yako, mnaongozwa na askari mwenye bunduki kwa sababu hiyo ni mbuga ya ndovu. Kawaida wanashusha watu mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa nane mchana, mnakutana kwenye kituo chao karibu na msitu wa Longomwagandi. Kuongozwa hakulipishwi zaidi ya kiingilio cha mbuga, lakini mkimaliza mchangieni kitu cha chai, mtu amewapandisha na kuwateremsha kwenye jua, msijifanye mmesahau.

Chukua mzunguko wa saa nne. Ukishuka saa nne, saa tano hivi uko chini hata kama mnaenda polepole. Mkae mpaka saa sita na nusu. Kupanda mpe kila mtu saa nzima na nusu juu yake, usimwambie ni dakika arubaini kwa sababu wewe ulipanda dakika arubaini. Saa nane mko juu, mnakula, mnazunguka na gari kutafuta wanyama mpaka saa kumi, mnatoka. Feri mko kabla ya saa kumi na mbili. Sasa jaribu kuhesabu na mzunguko wa saa nane mchana uone: chini saa tisa, hata hamjakauka nguo mnaambiwa twende, juu saa kumi na moja na ushei mkiwa wazima wote, na geti linafungwa saa kumi na mbili. Hakuna nafasi ya goti la mtu kukataa. Mzunguko wa mchana ni wa vijana watatu wanne wenye mapafu, sio wa familia wala chama cha kina mama.

Kurudi nyuma zaidi: kuwa kituoni saa nne kasorobo unataka uwe getini saa tatu kasorobo, manake pale pana kulipa, pana vitambulisho, alafu bado kuna barabara ya murram, ya udongo bila lami, mpaka kule msituni. Kwale mjini saa mbili na nusu, geti liko mbele kidogo ya mji. Kutoka Likoni mpaka Kwale ni kama kilomita 30, unakata kulia pale Kombani unaanza kupanda vilima, na ukishafika juu utahisi hewa imebadilika, hata kiyoyozi mtu anazima mwenyewe. Kwa hivo feri uwe saa moja na robo. Sisi wa Kisauni hiyo inamaanisha kutoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kabla daraja la Nyali halijaanza vituko vyake. Asubuhi umati wa feri unakuja upande wa mjini, wewe unaenda kinyume chao, kwa hivo kwenda si kubaya. Kubaya ni kurudi, hasa Jumapili jioni magari yote ya Diani yanapotaka kuvuka pamoja. Ukiwa unatokea upande wa Miritini, Jomvu, Changamwe, achana na feri kabisa, pita barabara ya Dongo Kundu utokee Kibundani, ng'ambo ya kusini.

Siku nzuri kwangu mimi ni Jumamosi. Jumapili nshaeleza.

Na miezi? Hapa watu wa pwani tuna faida ya kujua pepo zetu. Mvua za mwaka zikianza, Aprili mpaka Juni na Mei ndo mama yao, kaa nyumbani. Njia inakuwa utelezi wa udongo, gari ndogo inakwama kwenye murram, na mto unakuwa mtu mwengine. Vuli nayo, Oktoba Novemba, inategemea, mimi naangalia wiki nzima ya nyuma sio siku yenyewe. Kaskazi ya Januari na Februari ni kavu lakini joto lake utalijua kwenye kupanda. Chaguo langu ni Agosti na Septemba, kusi inavuma, kuna ubaridi kidogo, maji bado yapo mtoni ya kutosha kutokana na mvua zilizopita. Mwezi wa Ramadhani sihitaji kusema.

Tuje kwa watu. Mwisho kumi. Nilikuwa nasema wengi ndo raha mpaka nikagundua kwamba kundi la korongoni linatembea mwendo wa yule wa mwisho, na kila ukiongeza mtu unaongeza uwezekano kwamba huyo wa mwisho atakuwa wa mwisho kweli kweli. Uliza mapema nani ana presha, nani ana pumu, nani mjamzito, nani goti lilishawahi kufanyiwa operesheni, na uliza faraghani sio kwenye grupu, manake kwenye grupu kila mtu ni mzima. Mwenye pumu abebe pampu yake mwenyewe mfukoni, sio "iko kwenye begi ya fulani". Na pesa ikusanywe kwa M-Pesa kabla. Mtu ambae mpaka Alhamisi hajatuma, huyo haendi, anakutakia safari njema tu hajajua namna ya kukwambia.

Watoto wanaweza, nshashuka na mtoto wa miaka minane akatushinda sote. Chini ya miaka sita jiandae kumbeba mgongoni kwenye kupanda, na umbebe wewe, usimpe askari.

Malipo ya KWS yanafanyika kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali wa malipo, pesa taslimu hawapokei, na viwango ni tofauti kwa mkenya, kwa mgeni anaeishi hapa na kwa mtalii, kwa hivo kila mtu na kitambulisho chake mkononi, sio picha ya kitambulisho ya mwaka juzi. Gari nalo linalipiwa kulingana na viti. Bei angalia usiku wa kuamkia safari, kwenye eCitizen yenyewe, usitegemee mtu aliekwenda mwaka jana. Lipeni mkiwa na wifi nyumbani au mkiwa Kwale mjini, usingoje mpaka uko getini unainua simu juu kama unaita ndege.

Usafiri, hapa ndo watu wanadanganyana sana. Ndio, kuna matatu za Likoni Kwale, zipo siku nzima na si ghali. Lakini matatu inakushusha Kwale mjini, na ndani ya mbuga huruhusiwi kujitembelea kwa miguu kuelekea korongoni, utakutana na wenye nyumba. Kwa hivo lazima gari liingie na nyinyi. Kama mko watatu wanne mnaweza kupanda matatu mpaka Kwale mkaelewana na mtu wa gari pale, ila mwambie wazi ni kwenda, kungoja na kurudi, bei iwe moja. Kama mko kumi kodini gari Mombasa. Ulizia mambo mawili tu: liko juu ama liko chini chini, na taya la akiba liko wapi, lionyeshe. Na saa ya kutoka, mpe dereva saa ambayo ni nusu saa kabla ya saa yenu ya kweli, Mungu anisamehe lakini inafanya kazi.

Nguo. Kina dada, dera hapana. Najua dera ni hewa, najua ni pwani, lakini kwenye mizizi na mawe dera linashika mguu kama mtego na ukilinyanyua kwa mkono mmoja huna mkono wa kujishikilia. Suruali pana ya pamba na kanzu fupi ya magotini, mtandio mwepesi uliofungwa vizuri, umestirika na unatembea. Wanaume, jinzi inakuwa nzito ikilowa jasho na haikauki, vaa traki. Viatu raba zenye meno chini, na ziwe ushazivaa wiki mbili, raba mpya siku ya safari ni malengelenge. Kucha za vidole vya miguu kata usiku uliotangulia, hii hakuna anaeisema, lakini kwenye kuteremka vidole vinapiga mbele ya kiatu kila hatua na kesho yake kucha ni nyeusi.

Rangi pia ina maneno. Shimba Hills kuna mbung'o, wale inzi wanaouma mpaka kupita shati, na wanavutwa na nyeusi na buluu ya kukoza. Kwa hivo ile jezi yenu ya grupu ya buluu iacheni. Kaki, kijivu, kijani iliyofifia, bas. Soksi ndefu na suruali iingie ndani ya soksi, unafanana na mtu wa kuchekesha lakini kupe na siafu hawapandi.

Maji ndo kitu nisichobishana. Lita mbili kila mtu mzima, yake mwenyewe, begini mwake. Sisi tunajidanganya kwamba tumezoea joto, lakini unyevu wa pwani una ubaya wake, jasho linatoka linabaki palepale halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi, unapoteza maji bure. Na hapa kuna sheria: tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, fukwe na misitu ya hifadhi Kenya, kwa hivo zile chupa za dukani za nusu lita na katoni yake mtazuiliwa nazo getini. Beba chupa ya chuma au ya plastiki ngumu ya kujazia. Mifuko ya nailoni hiyo ilishapigwa marufuku kitambo, 2017, vyakula viwe kwenye hotpoti na vibakuli.

Pamoja na maji ya kawaida mimi hubeba lita moja ya maji ya chumvi na sukari. Maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai, usizidishe chumvi. Kamua ndimu ndani mtu asihisi kama yuko wodini. Yule anaeanza kunyamaza na kuwa na kizunguzungu kwenye kupanda, huyo ndo wa kupewa hayo, akae kivulini, mumlegeze nguo, mumpepee, mumlowanishe kichwa na shingo. Akiwa anaanza kuongea mambo yasiyoeleweka au anatapika, hiyo si uchovu tena, mwambie askari saa hiyohiyo, apelekwe hospitali ya Kwale huku mnaendelea kumpoza.

Chakula ni viwili na visichanganywe. Kuna cha kuteremka nacho na kuna cha kubaki kwenye gari. Cha kuteremka nacho kiwe kidogo na kikavu: mahamri mawili matatu, tende, njugu, ndizi, viazi karai kama vimekaangwa asubuhi hiyohiyo. Cha kwenye gari ndo biriani, ndo pilau na kachumbari, mkishapanda mle mpaka mlale. Nimeona watu wanateremka korongoni na sufuria. Sufuria! Alafu sufuria tupu inapanda na nani? Na ukiteremka na chakula cha harufu kali nyani na tumbili watakuona wewe kabla wewe hujawaona wao.

Usiku kabla ya kulala mimi natandaza vitu kitandani naviangalia: chupa, kofia, tochi (hata kama mnarudi mchana, mimi na tochi tangu siku ile ya shangazi), plasta na bandeji ya kuvuta, dawa ya maumivu, dawa ya mbu, nguo ya kubadilisha na taulo jembamba, mfuko wa kitambaa wa taka, pawabanki, mswala mwepesi mmoja wa kuswalia zamu zamu. Adhuhuri itawakuta chini ama njiani. Maji ya udhu yapo ya mto, na kibla haikusumbui, kutoka huku kwetu Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, muulize askari kaskazini ni wapi bas.

Sasa siku yenyewe. Mkifika kituoni askari atawapa maneno, na hapa nawaomba watu wa Mombasa tupunguze mdomo. Akisema tembeeni kimya tembeeni kimya. Ndovu wa Shimba si hadithi, walishakuwa wengi mpaka mwaka 2005 KWS ikawahamisha 150 kuwapeleka Tsavo East kwa sababu msitu na mashamba ya majirani vilikuwa vinaelemewa. Waliobaki wanapita njia hizohizo mnazopita nyinyi, mavi yao utayaona, na yakiwa bado yanatoa mvuke utaelewa kwa nini uliambiwa unyamaze. Muziki wa spika acheni kwenye gari.

Mpange mstari. Askari mbele, nyuma yake yule mzito kuliko wote, sio yule mwepesi. Wepesi wanakaa nyuma kabisa na mmoja wao mwenye akili ndo mkia, hakuna mtu nyuma yake, kazi yake ni kuhesabu vichwa. Watu wanapinga hii wanasema inachelewesha. Haicheleweshi, manake mwepesi akiwa mbele anafika mapema anangoja, mzito akifika tu mwepesi anaondoka, mzito hajapumzika hata mara moja.

Kushuka shuka kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, usikimbie kwenye mteremko kwa sababu paja ndo breki na breki hizohizo utazihitaji ziwe nguzo baadae. Shika fimbo, moja inatosha. Usishike mti bila kuuangalia, kuna wenye miba na kuna upupu, na usitie mkono kwenye tundu la mwamba wala usikae kwenye gogo kabla hujaligonga. Nyoka hana shida na wewe ukimpa taarifa. Ikitokea ameuma, Mungu aepushe, usichanje usinyonye usifunge kamba, mlaze mtu, kiungo kisitikisike, abebwe, aende hospitali.

Halafu unasikia maji kabla hujayaona. Kwanza unadhani ni upepo kwenye majani, unasimama, upepo hakuna. Miti inakuwa mirefu, hewa inapoa ghafla, na pale unapotokea ni ukuta wa mwamba umelowa, kijani cha mimea kimeshikana nao, na maji yanateremka kwa utulivu kabisa kama hayana habari na wewe. Hapo chini kuna kidimbwi, watu wanaingia. Ingia, lakini kwa miguu, usipige mbizi manake mawe hayaonekani, na usisimame moja kwa moja pale yanapopiga, maji yakitoka juu hayatoki peke yake, yanaweza kuja na kijiti au jiwe. Simu ipe mtu aliekauka.

Na hapa nisimame kidogo kuhusu mafuriko, kwa sababu kila nikiwaambia watu wanaangalia mbingu, wanasema mbona kweupe. Korongo halingoji mvua inyeshe pale uliposimama. Mvua inanyesha juu huko, mbali, maji yanakusanyika yanatafuta njia, na njia ni hilo korongo lako. Mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha, Aprili 2012, vijana saba waliokuwa na kundi la kanisa walichukuliwa na maji ndani ya korongo, na Septemba 2019 tena watu saba, mwongozaji akiwa mmoja wao. Naivasha korongo ni jembamba kuliko huku kwetu, kuta ziko karibu karibu, lakini maji ni maji. Ukiona maji yanabadilika rangi yanakuwa ya matope, majani na vijiti vinaanza kupita vingi, au mngurumo unaongezeka bila sababu, usikimbie kufuata mto, panda pembeni juu, kila mtu, begi liache.

Mkae saa nzima na nusu, isizidi. Nusu saa kabla ya kuondoka kila mtu ale kidogo anywe maji, sio dakika ya mwisho. Vaa soksi kavu. Kojoa. Hesabu vichwa.

Kupanda: polepole kuliko unavyodhani. Kipimo changu ni kwamba unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, ukishindwa punguza. Simama kwa kusimama, dakika mbili, usikae chini kila mara, ukikaa mguu unaganda. Kunywa kidogo kila mnaposimama. Na yule anaesema "nyinyi tangulieni ntawafuata" haachwi, hata akikasirika, hata kama ni mjomba wako. Shangazi siku hizi nikienda nae tunapanda kwa hatua hamsini na kituo, hatua hamsini na kituo, anahesabu mwenyewe kwa sauti, na mara ya mwisho alifika juu anauliza biriani iko wapi.

Mkishakula juu, msikimbilie geti. Mmeshalipa, zungukeni. Hiyo ndo sehemu pekee Kenya nzima ya kumuona palahala, yule swala mkubwa mweusi wa pembe zilizopinda nyuma kama jambia, dume akisimama kwenye nyasi unamuona kutoka mbali. Pandeni na Pengo Hill mkaangalie bahari kwa chini. Chemchemi za Marere nazo ziko humo humo kwenye hivi vilima, maji yake yanateremka mpaka Mombasa kwa bomba tangu enzi za mkoloni, yani huo msitu mnaoutembelea mara moja kwa mwaka ndo unajaza jerikeni la mtu.

Saa kumi mtoke. Kombani simamisheni gari mnywe madafu, mnyonye na nyama yake, na hapo ndo mkaguane kupe, nyuma ya magoti, kiunoni, nyuma ya masikio, na mtandio mkung'ute. Ukimkuta kupe mtoe kwa kibanio karibu na ngozi, vuta taratibu bila kuzungusha. Feri mtu asilale na dirisha wazi na simu mkononi.

Kesho yake usipange kitu kinachotaka ngazi. Kama unakaa ghorofa ya nne kama mimi, shuka kinyumenyume umeshika ukuta, majirani watacheka siku moja, mapaja yatauma siku tatu.